Jibu la Tatu

Kila fundi ana woga wake. Mwashi huogopa ukuta unaopinda, fundi umeme huogopa waya ambao hakuuzima, na mzee huyu fundi mizani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gramu, aliogopa kipimo kisicho sawa. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa ametengeneza mizani: za wauza nyama, za maghala ya nafaka, za zahanati zinazopimia watoto wachanga, hata zile za masonara ambazo mshale wake hutetemeka mtu akipumua karibu. Ukimpa mzigo mkononi angekutajia uzito wake, na ukiupeleka kwenye mizani ungekuta amekosea kwa gramu chache tu, nazo angezitafutia sababu.

Shule aliiacha mdogo, akairudia mtu mzima, jioni kwa jioni, baada ya kufunga karakana. Sasa mvi zimempanda hadi kwenye nyusi, na bado alikuwa amejiandikisha tena: utangulizi wa saikolojia, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mkewe alipoliona daftari jipya alisema, "Wenzako wanastaafu, wewe unaandikishwa."

"Akili isiponolewa hushika kutu."

"Basi inoe polepole. Kisu kikinolewa sana huisha."

Mwalimu wao alikuwa mwanamke kijana aliyefanya kazi mchana kwenye kliniki ya watoto. Wiki ya kwanza alibandika ubaoni picha mbili za ubongo wa mtoto aliye tumboni. Picha ya kwanza, ya miezi ya kati, ilionyesha ubongo laini kama yai lililomenywa. Ya pili, ya siku za kuzaliwa, ilionyesha ubongo uliojaa mikunjo, kama nguo nyingi zilizoshindiliwa kwenye sanduku dogo. "Sehemu kubwa ya mikunjo hii hufanyika wiki za mwisho za ujauzito," alisema.

Mzee Gramu aliiandika sentensi hiyo, akaipigia mstari mmoja, halafu wa pili. Mwalimu aliendelea kusema, lakini kalamu ya mzee ilikuwa imesimama. Alikuwa anamfikiria mjukuu wake.

Mjukuu huyo alizaliwa wiki nane kabla ya siku zake. Mzee mwenyewe alikuwepo zahanati alipopimwa, tena kwenye mizani aliyoirekebisha kwa mkono wake, kwa hiyo hakuweza hata kujifariji kwamba mizani imekosea. Kilo moja na nusu. Hapo ndipo mtoto alipopata jina la Nusu, na ingawa sasa alikuwa na miaka sita, mashavu yamemjaa na magoti yana makovu ya kuruka ngazi, jina halikumtoka. Wiki nane, mzee alihesabu. Wiki zile zile za kukunja.

Wiki ya pili mwalimu aliingia kwenye makuzi ya akili. Alijaza maji glasi mbili zinazofanana, kisha akamimina ya moja kwenye chombo kirefu chembamba. Mtoto mdogo, alisema, akiulizwa wapi kuna maji mengi, atakuonyesha chombo kirefu, kwa sababu jicho lake linashika urefu. Akikua, kwenye miaka sita, saba hivi, atakuambia ni yale yale. Mzee Gramu aligawa ukurasa kwa mstari katikati. Kushoto aliandika "Kirefu kina mengi: bado mdogo." Kulia aliandika "Ni sawa: amekua." Alipenda ukurasa wa namna hiyo. Ulikuwa na sahani mbili, kama mizani.

Jumamosi asubuhi binti yake, mama wa Nusu, alikuwa zamu ya kiwanda cha nguo. Mzee akafuta meza ya jikoni, akapanga glasi mbili na glasi moja ndefu ya kuwekea maua. Maji aliyakataa kwa sababu hayana rangi, na alitaka mtoto aone vizuri. Akafungua chupa ya sharubati nyekundu, nzito, ile ambayo hutiwa maji kabla ya kunywewa.

"Njoo, mke wangu," alimwita mjukuu. "Kuna mchezo."

"Mke mwenzangu," bibi alisema kutoka kwenye jiko, "huyo mzee akikwambia mchezo, ujue ni mtihani."

Nusu alipanda kiti kwa magoti. Mzee alimimina sharubati kwenye glasi mbili hadi zikalingana, akainama kuhakikisha kwa jicho moja.

"Ipi ina nyingi?"

"Ziko sawa."

"Vizuri." Akaichukua glasi moja, akaimimina yote kwenye ile ndefu, akairudisha tupu mezani. "Na sasa?"

Nusu aliinamisha kichwa. Aliitazama glasi ndefu. Kisha akaitazama ile tupu, muda mrefu, mpaka mzee akataka kumwambia siyo hiyo. Mwishowe akasema, "Hii ndefu ina kidogo."

"Kidogo kuliko mwenzake?"

"Ndiyo. Kidogo kidogo tu."

Mzee Gramu aliukumbuka ukurasa wake. Jibu hilo halikuwa kushoto wala kulia. Akairudisha sharubati kwenye glasi ya kwanza, akaimimina tena kwenye ndefu. "Na sasa?"

"Sasa imezidi kupungua."

Bibi aligeuka na mwiko mkononi. "Basi mpe anywe, mtoto wa watu. Umeshamhangaisha na glasi tupu."

Nusu alikunywa, akafuta mdomo kwa mkono, akakimbilia uani. Mzee alibaki mezani. Watoto wa dunia nzima wana majibu mawili, na mjukuu wake alikuwa na la tatu.

Mtu akishaingiwa na shaka, kila kitu huja kutoa ushahidi. Jumamosi hiyo hiyo Nusu alivaa viatu kushoto kulia, akazunguka navyo hadi adhuhuri. Jumapili alihesabu vigae vya ukumbini akaruka kumi na tatu. Karakanani alizungumza na mawe ya mizani, la kilo tano akiliita baba, la gramu hamsini akiliambia lilale. Yote haya alikuwa akiyafanya tangu zamani na mzee akicheka. Sasa alikuwa akiyaandika.

Jumatatu alivaa koti akaenda shule ya jirani. Fomu ya Nusu ya darasa la kwanza ilikuwa pale, ikisubiri usaili wa Ijumaa. Nafasi zilikuwa arobaini, na waombaji walizidi mara mbili. Mwalimu mkuu, mama mpole mwenye miwani ya kamba, alimfahamu kama fundi wa mizani ya jikoni mwa shule, na hakuwahi kumwona akisema jambo bila kulipima.

"Mwaka mmoja zaidi," mzee alimwambia. "Nimemfanyia jaribio, na limerudiwa mara mbili. Akili haijakaa."

"Una hakika, Mzee?"

"Nina hakika."

Mwalimu mkuu aliitoa fomu ya Nusu kwenye rundo, akaiweka kwenye trei nyingine. Mzee alitoka akijiona ametenda jambo zito kwa ajili ya mtoto, na njia nzima hakuelewa kwa nini anaburuta miguu.

Aliwaambia wa nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Binti yake aliweka kijiko chini. Ukutani nyuma yake kulikuwa na sare ndogo kwenye kiango, ya buluu, aliyoishona mwenyewe Jumapili tatu mfululizo.

"Ulimpima mwanangu kwa glasi," alisema.

"Ni jaribio linalojulikana."

"Na sharubati ya wageni," bibi aliongeza. "Chupa nzima."

Binti hakucheka. "Baba, mimi hadi darasa la tatu nilikuwa siwezi kusoma saa. Ulinipeleka kwa nani?"

"Sikukupeleka kwa mtu. Nilikufundisha."

"Sasa yeye umempeleka kwa mwalimu mkuu kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ulizaliwa umetimia."

Hapo ndipo walipomwona Nusu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, kitambaa cha kulalia mkononi, na hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani.

"Babu," aliuliza, "mimi sijatimia?"

Binti aliinuka, akambeba mtoto ingawa alishakuwa mkubwa mno kubebwa, akaingia naye ndani na kufunga mlango. Bibi alikusanya sahani. "Maneno ni kama mchele uliomwagika mchangani," alisema taratibu. "Ukiuokota, unauokota na mchanga."

Jumanne darasani mzee alinyoosha mkono kabla mwalimu hajakaa. Alisimama, akakohoa, akaeleza yote: glasi, sharubati, jibu la tatu. Alitaka apewe jina la ugonjwa, kwa sababu jina, hata liwe baya, ni kitu cha kushika.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. "Alisema kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini ile ndefu ina kidogo. Ulipomwuliza, alijibuje?"

Mzee alitazama daftari lake kana kwamba jibu lingeweza kuwa humo. "Sikumwuliza."

Kinyozi wa stendi, ambaye hukaa dawati la nyuma na huwa ana neno kwa kila jambo, alisema, "Mzee wangu, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na mimi kwenye nywele nimejifunza hivi: ukiona kichwa cha ajabu, kwanza uliza mwenye kichwa anataka nini, ndiyo ushike mkasi."

Watu wakacheka. Mwalimu alitabasamu, lakini alimsogelea mzee akasimama karibu na dawati lake.

"Nusu ya jaribio hili ni lile swali la kwa nini," alisema. "Jibu hutuambia mtoto amefika wapi. Sababu hutuambia amepitia njia gani. Waliobuni majaribio haya walikaa na watoto wakiwauliza kwa nini, kwa nini, mpaka watoto wakachoka." Akanyoosha mkono. "Mzee, naomba nione ulichoandika wiki ya ubongo."

Alimpa daftari. Mwalimu aliisoma ile sentensi yenye mistari miwili. "Siku ile niliendelea. Nilisema watoto wengi waliozaliwa mapema huwafikia wenzao, na kwamba ubongo unaendelea kujijenga miaka mingi baada ya kuzaliwa, kwa kucheza, kwa kusemeshwa, kwa kupendwa. Uliandika?"

Ukurasa uliobaki ulikuwa mweupe. Kinyozi, kule nyuma, aliinua daftari lake akaonyesha; hata yeye, pamoja na mizaha yake, alikuwa ameandika.

"Hii si aibu yako peke yako," mwalimu alisema. "Sote tumeumbwa hivyo. Akili ikishaamini jambo, hukusanya yanayolikubali na kuyaacha yanayolikataa, na mwenyewe hajui kama anachagua. Ndiyo maana tunaulizana."

Mzee Gramu alikaa. Somo lilisonga mbele kwenda kwenye usingizi na ndoto, yeye hakulisikia. Alifikiria kwamba katika maisha yake hajawahi kuweka mzigo kwenye sahani kabla hajaangalia kama mshale umesimama kwenye sifuri. Hata mfuko wa misumari. Na mjukuu alimweka tu.

Asubuhi ya Jumatano Nusu alikwenda naye karakanani, kama ilivyokuwa desturi yao siku ambazo mama yake ana zamu ya mchana kutwa. Alitembea hatua moja nyuma, jambo ambalo si lake. Mzee alifungua milango, akafagia, akapanga zana. Kisha akatoa kikapuni chupa ya sharubati, ile iliyobaki kidogo chini, na glasi mbili.

"Sitaki mtihani," Nusu alisema.

"Si mtihani. Mimi ndiye nimefeli, nataka unifundishe." Akamimina sharubati kwenye glasi moja, akaihamishia kwenye nyingine. "Jumamosi ulisema ikihamishwa inapungua. Kwa nini?"

Nusu alimtazama kuona kama anataniwa. Kisha akaishika glasi tupu, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza. Ukuta wa ndani ulikuwa mwekundu, na chini kulikuwa na tone nono lililokuwa linajikusanya.

"Si hii hapa," alisema. "Imebaki. Hukusubiri."

Mzee Gramu aliinama kulitazama lile tone.

"Ukipima makopo ya wauza mafuta," mtoto aliendelea, sasa kwa sauti ya mwalimu, "unamimina, halafu unasema tusubiri, tunahesabu mpaka thelathini, matone yaishe. Unasema kinachobaki kwenye kopo ni cha mteja. Jumamosi hukuhesabu hata moja. Ukamimina tena, ikabaki tena."

Ni kweli. Kila wiki walihesabu pamoja, kopo la lita likiwa limeinamishwa juu ya chombo cha kupimia, yeye kwa sauti nzito na mtoto kwa sauti nyembamba. Mzee aliivuta mizani ndogo ya sonara iliyokuwa ikisubiri mwenyewe. Alirudisha mshale kwenye sifuri. Alipima glasi yenye masalio, akaiosha, akaikausha kwa kitambaa mpaka ikalia, akaipima tena.

"Gramu nne," alisema.

"Kidogo kidogo tu," alisema Nusu. "Nilikwambia."

"Mbona hukunieleza siku ile?"

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye fundi."

Mzee alivuta kigoda akakaa, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Aliona kwamba swali la Jumatatu usiku bado lilikuwa pale, halijaondoka.

"Umetimia," alimwambia. "Babu ndiye aliyekosea."

Nusu alifikiria. "Kwa gramu ngapi?"

"Nyingi. Mizani za humu hazifiki."

Mtoto akacheka, na mzee akafunga karakana saa tatu asubuhi, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona isipokuwa siku ya msiba. Wawili walimwuliza nani amefariki. "Hakuna," alisema, "ila naenda kuzika neno langu."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na wazazi watatu kwenye benchi, na karani wake alikuwa anapiga simu kwa watu walio kwenye orodha ya kusubiri. Mzee alitaka waombwe watoke. Halafu akaona hapana. Kosa lake la Jumatatu lilikuwa na heshima ya koti, ukweli wa leo usijifiche. Akaeleza kila kitu mbele yao: glasi, sharubati, gramu nne, swali ambalo hakuuliza. Mzazi mmoja alijifunika mdomo kwa mtandio.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Mzee, Jumatatu ulikuwa na hakika. Leo pia una hakika. Nikuamini yupi?"

"Usimwamini hata mmoja. Mwite mtoto umwulize mwenyewe."

"Nafasi yake ndiyo hiyo tunaipigia simu."

"Naomba isipigiwe mpaka Ijumaa. Akishindwa yeye, sawa. Asishindwe kwa ajili yangu."

Karani alikuwa bado ameshika simu sikioni. Mwalimu mkuu akamwonyesha karani kwa mkono aikate. "Ijumaa saa nne. Aje na mama yake." Akavaa miwani. "Wewe ubaki kwenye kazi yako."

Ijumaa ilikuwa ndefu. Mzee alifungua mizani ya muuza nyama, akaifunga, akaifungua tena, na muuza nyama akamwuliza kama anaitengeneza au anaitongoza. Saa sita binti yake alitokea mlangoni, Nusu ameshika ncha ya gauni lake. Tangu Jumatatu binti huyo alikuwa amezungumza na baba yake kwa maneno ya lazima tu: chumvi, mlango, maji yamekatika.

"Walimpa udongo wa kuchezea," alisema bila kukaa. "Madonge mawili sawa. Mwalimu mkuu akalifinyanga moja likawa refu kama nyoka, akamwuliza lipi lina udongo mwingi."

Mzee alisimama. Udongo hauachi tone. Mtoto mwenye hesabu ya matone angejua kwamba hapo hakuna kilichobaki nyuma.

"Nikasema la nyoka," Nusu alisema.

"La nyoka," mzee alirudia pole pole.

"Wakamwuliza kwa nini," binti aliendelea, "akasema kwa sababu huo anaweza kuuvaa shingoni, na donge haliwezi kuvaliwa. Mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ni jibu la mtoto wa miaka sita, na shule yake ni ya watoto wa miaka sita."

"Kwa hiyo?"

"Ameingia."

Mzee Gramu aliweka bisibisi chini. Kwa siku nne alikuwa na mjukuu mwenye kasoro, na tangu Jumatano alikuwa, kwa siri, na mjukuu mwenye kipaji cha ajabu. Alikuwa hata ameanza kupanga atakavyolieleza darasa. Sasa alikuwa na mtoto tu, anayejua kuhusu matone kwa kuwa ameyahesabu, na asiyejua kuhusu udongo kwa kuwa bado. Alishangaa jinsi hilo lilivyotosha.

Binti alitoa karatasi kwenye mkoba, akaitandaza kati ya mawe ya mizani. Ilikuwa fomu ya mwisho, ya wazazi. Kwenye mstari wa anayemleta mtoto shuleni na kumrudisha, alikuwa ameandika jina la mzee kwa herufi kubwa.

"Zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, na baba yake Nusu yuko safarini na lori," alisema. "Sina mwingine."

"Nitampeleka."

"Unamwacha getini, Baba. Huingii darasani, humfundishi mwalimu, humpimi mtoto wa mtu yeyote."

"Getini," mzee alisema, akachukua kalamu atie sahihi.